Joto la Jumapili Nyumbani kwa Nthiga

Marcella Rwamba hakujua kutulia, na msidhani ni utoto uliokataa kumtoka. Kazi ndiyo iliyomharibu. Ukishinda mwaka baada ya mwaka ukibashiri siku ya kufa ya mashine za watu, mwishowe huwezi kuingia jikoni kwa rafiki yako bila kuigusa friji yake kwa mgongo wa mkono. Marcella aligusa kila kitu: chaja za simu, redio ya kinyozi, hata spika za kanisani katikati ya maombi, watu wamefumba macho. Penye joto, alitaka kujua linatoka wapi na linakwenda wapi.

Alikuwa fundi pale Makutano, mjini Meru, katika duka la vifaa vya sola la Abdiweli. Shughuli yake ilikuwa inveta, lile sanduku linalochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe wa kuendesha vyombo vya nyumbani. Kuuza inveta si kazi, na mafundi wa kuifungua na kuifunga wamejaa tele. Marcella alikuwa na lake. Aliipima joto siku kadhaa, akapiga hesabu, kisha akakuambia chombo chako kimebakiza umri gani. Mara nyingi hakukosea sana. Mwenye baa mmoja alimwomba abashiri na matokeo ya mpira, akamkatalia kwa ukali, kwa sababu yeye mzaha juu ya hesabu hakuupenda.

Hesabu yenyewe haikuwa uganga. Ndani ya inveta mna vipande vidogo vinavyobeba kazi ya punda. Vikibeba, vinapata moto. Moto ule unapita kwenye bamba la alumini, feni inaupuliza, unatoka nje. Marcella aliufuata moto huo kama mkulima afuataye maji ya mfereji, akiuliza hapa unapita, hapa unakwama? Ukikwama, kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zinakauka ndani kwa ndani, na kwa kila digrii kumi zinazozidi, umri wake unakatika nusu. Tena kuna kupanda na kushuka. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinanywea, kila siku hivyo hivyo, mpaka viungio vya lehemu vinapata nyufa ambazo jicho halizioni. Siku moja sanduku linazima tu, na mwenyewe anaapa kwamba jana lilikuwa zima kabisa.

Kwa wateja, haya yote alikuwa akiyasema huku anatafuna karanga. Lakini kulikuwa na inveta moja ambayo ilimnyima raha, nayo ilikuwa kwao, Karurumo, sebuleni kwa baba yake.

Mzee Nthiga alikuwa amechonga mawe ya kujengea tangu ujana wake, miaka hiyo ambayo mtu alifunga kitambaa puani akajiona amejikinga. Vumbi lilimkalia mapafuni. Sasa aliishi kwa mashine ya oksijeni iliyowekwa chumbani, na mrija mwembamba uliopita chini ya mlango mpaka kwenye kiti chake, ukamfika puani. Stima za kule zinapotea zinavyotaka zenyewe, kwa hiyo Marcella aliwafungia paneli juu ya paa, betri, na inveta bora kuliko zote dukani. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwepo, lakini ule ni wa saa chache tu. Inveta ikizima na stima hakuna, baba hana pumzi. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na Marcella aliamka nayo na kushinda nayo.

Aliifunga inveta ile kwa mikono yake na kuitia kifaa kidogo cha kumtumia vipimo vya joto kwenye simu. Hapo ndipo alipojitafutia balaa. Kabla ya hapo alikuwa na wasiwasi wa kawaida, wa mtoto yeyote mwenye mzazi mgonjwa. Sasa alikuwa na wasiwasi wenye mchoro. Mstari mwekundu ulipanda mchana na kushuka jioni, na yeye akaufuata akiwa salunini, akiwa benki, akiwa mezani kwa watu waliomwalika chakula. Ukimsemesha, alikuitikia "ndiyo, ndiyo" huku macho yake yapo simuni. Marafiki wawili watatu waliacha kumwalika.

Kwa hesabu zake, inveta ile ingeishi miaka saba bila shida. Alizipiga tena na tena, zikatoka saba. Halafu mwezi wa pili, jua la kiangazi likiwa kali, mstari ukaanza mambo. Siku za wiki ulikwenda vizuri kabisa. Jumapili alasiri ulipanda ghafla, ukakaa juu kule saa kadhaa, kisha ukaporomoka wenyewe. Jumapili iliyofuata, vilevile.

"Abdi, hebu njoo uone," alimwita tajiri wake, akamwonyesha simu. "Jumapili tu. Kwa nini Jumapili?"

Abdiweli alikuwa mtu mpole, mwenye duka lenye mali nyingi na maneno machache. Alivaa miwani, akatazama, akavua miwani.

"Labda jua."

"Jua linajua leo ni Jumapili?"

"Basi labda wanapika kwa umeme. Wageni."

"Mzigo haujaongezeka. Angalia huu mstari wa chini, umelala pale pale. Kazi ni ile ile, lakini joto halitoki. Kuna kitu kinaziba."

"Fundi, piga simu kwa mama yako, umuulize. Usinitolee macho mimi."

Marcella akapiga. Mama yake, Cicily, alipokea kwa sauti ya juu kama kawaida yake, maana aliamini Meru ni mbali na simu inahitaji kusaidiwa.

"Mama, pale kwenye inveta kuna kitu mmeegemeza? Gunia? Sanduku? Viti vya wageni?"

"Hakuna. Nani aweke gunia sebuleni kwangu?"

"Feni inazunguka?"

"Inazunguka, inalia kama nyuki. Wewe umekula?"

"Nimekula, mama. Dirisha unafungua?"

"Nafungua. Mbona husemi umekula nini?"

Cicily hakusema uongo hata chembe. Gunia halikuwepo, wala sanduku. Marcella akarudi kwenye hesabu zake, akaingiza vumbi, akaingiza joto la mabati, akaingiza feni inayochoka, na hakuna kilichompa Jumapili. Ile miaka saba ikaanza kumtazama vibaya. Akawa anakula nusu sahani. Akamkaripia mteja aliyeuliza bei mara mbili, mpaka Abdiweli akalazimika kumpa yule mteja soda na kumwomba radhi.

Jumapili ya tatu mstari ulipanda kuliko siku zote. Marcella alikuwa anaanika nguo. Alitazama simu, akafuta maji mikononi, akatazama tena. Inveta ile imetengenezwa ijilinde: joto likifika kiwango fulani, inajizima yenyewe isiungue. Ni jambo jema kwa inveta. Kwa mtu aliyefungwa mrija puani si jema hata kidogo. Zilikuwa zimebaki digrii chache. Akampigia mama, simu ikaita mpaka ikakata. Akampigia baba, imezimwa. Akapiga tena kwa mama. Ikaita mpaka ikakata.

"Mungu wangu!" alisema peke yake uani, na nguo nusu zikabaki kwenye beseni.

Alichukua pikapu ya duka bila kuomba ruhusa. Nkubu aliipita bila kuiona, Chogoria vilevile. Chuka alisimamishwa na askari aliyetaka leseni, akampa leseni pamoja na simu iliyokuwa mkononi, na yule askari akamrudishia vyote viwili akimwambia, "Mama, pole pole, utaua watu." Kwenye kona za kuteremkia mto Thuci alijikuta anaiombea mashine. Hakumwombea baba, alimwombea sanduku, kwamba feni isisimame. Hilo hakulifikiria wakati ule, lakini alikuja kulifikiria baadaye, tena sana.

Alipoingia uani kwao alikuta viatu vimepangwa barazani, na ndani watu wanaimba. Ilikuwa jumuiya ya kanisa, majirani walioamua kuja kusali na mgonjwa kila Jumapili baada ya chakula. Kwa wasiwasi wake wote, Marcella alijua kila kitu kuhusu sebule ile Jumapili alasiri isipokuwa kwamba ina watu.

Alisukuma mlango. Nthiga alikuwa kitini mwake, shati jeupe limefungwa kifungo cha juu, mrija puani, anapumua, yuko hai, tena anaimba kwa midomo. Marcella hakumwamkua. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye kona, akaona.

Inveta ilikuwa imevaa nguo. Cicily alikuwa ameifumia kitambaa cha uzi mweupe, chenye maua mekundu ukingoni, kimeifunika juu, mbele na ubavuni mpaka chini, barabara, bila pengo. Kimefanana na vitambaa vya makochi, na cha televisheni, na cha redio ya zamani isiyosema kitu tangu miaka ile. Ala! Na Marcella, mwanamke aliyekulia katika nyumba ambamo hata chupa ya chai ina fulana yake, amekaa Makutano wiki tatu akihesabu mabati na vumbi! Fundi mzima!

Akapita katikati ya watu, akamkanyaga mzee mmoja wa kanisa, akakinyofoa kitambaa kwa nguvu. Uzi ukachanika. Joto likamvuma usoni. Feni ilikuwa inazunguka kwa sauti ya kuchoka, na taa ya manjano ya onyo inapepesa.

Wimbo ulikufa. Watu wote wakatazama ile taa.

"Marcella," alisema Cicily, na mara hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Huna hata salamu?"

"Mama, mnataka kumuua? Ingezima! Mmeifunga blanketi jua lote hili! Ingezima, na mtungi wenyewe nani angekumbuka kuufungua, ninyi mnaimba?"

Mama mmoja alianza kukusanya vikombe. Mwingine akatafuta mkoba wake. Kiongozi wa jumuiya alifunga maombi kwa sentensi mbili, amina, na wageni wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akiishika mikono ya Nthiga lakini akiitupia ile kona jicho. Cicily aliwasindikiza mpaka langoni. Aliporudi, uso wake ulikuwa umevimba kwa aibu na hasira.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Nimeivua mashine, mama."

"Ni mimi umevua! Unajua kwa nini nilikifuma? Unadhani ni urembo? Unadhani mama yako ni mjinga wa maua?" Akaketi, akasimama tena. "Walipoanza kuja, walikuwa hawamtazami baba yako. Wanatazama hilo sanduku. Taa ikibadilika, wanaguna. Yule mke wa Kivuti akauliza hapa hapa, baba yako anasikia, ati hiyo ikizima mzee atachukua dakika ngapi. Mezani kwangu! Ameshika chai yangu! Nikasema sawa. Wakija, nitalifunika, wamtazame mtu. Wakienda ninalifunua. Saa mbili tatu tu, Marcella. Jumapili tu."

Marcella alikiweka kitambaa sakafuni. Akamgeukia baba yake, akitarajia kama siku zote kwamba atamtetea.

Nthiga alimwita binti yake "mama", kwa kuwa Marcella alibeba jina la nyanya yake, mama mzazi wa Nthiga, na hata alipomgombeza alimgombeza kwa heshima hiyo. Alisema polepole, akikata maneno ili apumue.

"Mama. Wale walikuja wakakizoea kitambaa. Tukapiga hadithi. Kathuri alinikumbusha siku tulipokimbizwa na nyuki kwenye machimbo. Tulicheka." Akapumzika. "Wewe hilo sanduku hulizoei. Wewe ukija, unaiamkua hiyo kwanza. Unaigusa. Unaisikiliza feni. Halafu ndiyo unaniuliza hali, na unaniuliza ukiwa umenipa mgongo."

Ilimkata maini, kwa sababu ilikuwa kweli, na mtu wa vipimo hana pa kujificha kweli ikisemwa. Akaona haya. Akaona pia hasira, maana nani alileta inveta, nani anaipima usiku na mchana, nani? Akaingia jikoni akanywa maji, akatoka nje akaangalia paneli ambazo hazikuwa na shida yoyote, akarudi ndani. Mwili wake ulikataa kukaa mahali pamoja.

Mwishowe alifanya kile alichokijua. Alitoa simu akaingiza hesabuni kile kilichokuwa kinakosekana: kitambaa, uzi wa pamba, saa chache kwa wiki. Mstari wa hesabu ukapanda ukalala juu ya mstari wa kweli, sawasawa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alielewa, na kuelewa kukamtuliza kidogo, Mungu amsamehe.

"Mama, njoo," alisema kwa sauti ya kuomba. "Lete sindano yako. Hatukitupi. Juu kibaki, mbele kibaki, taa isionekane. Lakini huku chini na huku ubavuni feni inapotemea lazima tupandishe. Ipumue."

Cicily alibaki amenuna. Kisha akakiokota kitambaa, akapima kwa jicho pale kilipochanika.

"Unaifupishia sketi," alisema.

"Naifupishia."

"Itaonekana miguu."

"Wacha ionekane, mama. Kuna joto."

Nthiga alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, wakamngojea wote wawili mpaka kikapita. Cicily akavuta kigoda karibu na dirisha penye mwanga, akaanza kupinda upindo. Marcella alikishikilia kitambaa upande wa pili. Akakirudisha juu ya inveta kwa majaribio, akatazama simu, akasubiri, akatazama tena. Mstari ulipanda kidogo tu, ukatulia.

"Sasa?" aliuliza Cicily.

"Sasa ni sawa. Haitazima."

"Na ile miaka yako? Ulisema saba."

"Saba ikiwa wazi siku zote. Hivi, na Jumapili zake..." Marcella akapiga hesabu ya mwisho, akaisoma kama alivyomsomea kila mteja aliyewahi kusimama mbele yake. "Sita na kitu. Tumepoteza kidogo."

"Kwa ajili ya uzi wangu?"

"Si kitu, mama."

"Lakini sita ni chache kuliko saba." Cicily alikuwa ameinamia upindo, anauma uzi kwa meno. "Hiyo sita itatosha?"

"Itatosha," Marcella alisema.

Neno lilimtoka jepesi, la kikazi, na hapo hapo akalisikia. Daktari wa Embu alikuwa amemwita kando miezi kadhaa nyuma, karibu na dirisha la dawa, akamwambia kwamba kwa mapafu yale wasihesabu kwa miaka, wahesabu kwa miezi. Hakumwambia mama. Hakumwambia baba. Yeye mwenyewe alikwenda akaifunga inveta ya miaka saba, akaivizia kila dakika isipungue hata siku moja, na sasa amesema mbele yao wote kwamba sita itatosha. Akahisi uso unamchoma. Akatamani stima zipotee, mtu aje langoni, chochote.

Nthiga alikuwa anamtazama. Hakushtuka. Akanyoosha mkono, naye Marcella akaukamata, na machozi yakamwagika bila kumwomba ruhusa.

"Asante, mama," alisema Nthiga. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia."

Cicily aliinua kichwa, sindano imesimama hewani. "Amekuambia nini?"

Mrija ulikuwa unavuma. Nthiga alivuta pumzi mpaka ikamtosha, akaminya mkono wa binti yake kwanza.

"Kwamba mashine ni nzuri, Cicily," alisema. "Endelea kushona."